Posho ya chakula kwa anayetumwa Lukafu

Msimamizi wa chanjo anayetoka Lubumbashi kwenda Lukafu huondoka kabla jua halijachomoza, na ikiwa ni majira ya mvua, kati ya Novemba na Aprili, hajui atafika saa ngapi. Amebeba sanduku la baridi, karatasi za takwimu na hati yenye muhuri inayosema ametumwa kikazi kwa siku tatu. Akirudi anatakiwa kumpelekea mhasibu risiti za chakula alichokula. Hapo ugomvi unaanza, kwa sababu mama aliyempikia bukari na lengalenga kando ya njia hana kitabu cha risiti, hana namba ya kodi, na hajawahi kuombwa kitu kama hicho na mteja yeyote. Msimamizi anaandika kwa mkono wake: "Chakula, Lukafu." Mhasibu anakataa. Wiki inayofuata karatasi inarudi ikiwa imeambatishwa risiti safi ya hoteli moja ya Lubumbashi, ya tarehe ambayo mtu huyo alikuwa amekwama kwenye matope mbali na hoteli yoyote. Safari hii mhasibu anapitisha.

Maelezo ya kweli yamekataliwa na ya uongo yamekubaliwa, na kila aliyehusika amefuata utaratibu. Nimeona mafaili ya namna hiyo katika ofisi za watu tofauti kabisa, za serikali, za mashirika na za kampuni, kiasi kwamba sioni tena sababu ya kuwalaumu wasafiri. Tatizo liko katika swali tunalowauliza. Tunawauliza "risiti iko wapi?" wakati swali la haki ni "mtu aliyekuwa mahali pale, kwa saa zile, alihitaji kutumia kiasi gani ili ale vizuri?"

Lukafu ni makazi ya bonde la Lufira, kaskazini mwa Lubumbashi, chini ya uwanda wa juu wa Kundelungu. Jina lake linabebwa pia na mojawapo ya kanda za afya za mkoa wa Haut-Katanga. Wanaotumwa upande huo ni watu wa afya, wakaguzi wa shule, mabwana shamba, na wafanyakazi wa Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu iliyoanzishwa mwaka 1970. Nimepachagua kwa makusudi. Kanuni ya gharama za chakula iliyoandikwa kwa ajili ya Kinshasa au Dar es Salaam, penye migahawa yenye mashine za risiti, bado haijajaribiwa. Ipeleke Lukafu ndipo utajua kama inafaa.

Tuanze na swali ambalo wafanyakazi hawalipendi. Kwa nini mwajiri amlipie chakula mtu mzima ambaye angekula hata kama angebaki nyumbani? Jibu ni kwamba halipii njaa yake, analipia tofauti. Nyumbani gunia la unga linalisha familia nzima kwa wiki kadhaa, sombe inatwangwa jioni, na moto mmoja wa makaa unaivisha chakula cha watu wanane. Njiani mtu yuleyule ananunua chakula kilichokwisha kupikwa, sahani moja moja, kwa bei ya mpita njia. Ananunua na maji ya chupa pia, kwa sababu maji ya kisima asichokijua yanaweza kumlaza kitandani siku ya pili ya kazi. Na nyumbani kwake sufuria haipungui kitu cha maana kwa kuwa baba au mama hayupo.

Kwa hiyo gharama inayofaa ni bei ya mlo wa kawaida uliopikwa, mahali pale, kwa muda ambao mtu yuko mbali na jiko lake. Isishushwe mpaka bei ya chakula cha nyumbani, maana jiko hakubeba. Isipandishwe mpaka mlo ambao asingeuagiza kama angelipa kwa fedha ya mfukoni mwake. Sheria ya kodi ya Marekani ina kipimo kinachokaribia hicho: inakataa gharama ya chakula cha safari iliyo ya anasa au ya kupindukia kwa kuzingatia mazingira yenyewe. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kuku mzima wa kuchoma katikati ya Lubumbashi, kwa mtu mmoja, mchana wa kazi, ni anasa. Kuku huyohuyo katika kijiji ambacho siku hiyo hakuna kingine kinachouzwa, wakigawana watu wanne wa gari moja, ni chakula cha mchana.

Sheria ya Kongo inasema nini? Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaeleza katika kifungu cha 7 ni nini kinachohesabiwa kuwa malipo ya kazi, kisha inaorodhesha visivyohesabiwa: matibabu, nyumba au posho ya nyumba, posho ya watoto ya kisheria, nauli, na mwishowe gharama za safari pamoja na manufaa yanayotolewa kwa lengo la kumwezesha tu mfanyakazi kutimiza kazi yake. Ukisoma harakaharaka unaweza kudhani ni habari ya wanasheria. Lakini maana yake inamgusa kila mtu. Posho ya safari haiingii kwenye hesabu ya malipo ya likizo wala ya kuvunja mkataba. Mwajiri anayelipa mshahara mdogo na "posho ya safari" kubwa kila mwezi, kwa mtu asiyevuka hata daraja la kutoka mjini, amemnyima mtu huyo sehemu ya haki zake za kesho. Na mfanyakazi anayeshangilia posho hiyo leo atashangaa siku ya kuondoka kazini, atakapohesabiwa kwa ule mshahara mdogo.

Kuhesabu chakula cha msafiri si jambo jipya katika nchi zetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo kuja bara ilikuwa na utaratibu wa posho kabla ya serikali yoyote kuandika waraka. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Penye chakula cha kununua, mkuu wa msafara hakugawa nafaka. Aligawa vitambaa na shanga za kutosha siku kadhaa, na wapagazi, ambao walipika na kula katika makundi madogo, wakajinunulia wenyewe kwa wenyeji. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na idadi ya watu walioweza kula kwa shuka moja ilibadilika nchi kwa nchi. Penye mavuno mazuri shuka ililisha wengi, penye ukame ililisha wachache, na wakuu waliojifanya hawaelewi hesabu hiyo waliamka asubuhi wakakuta mizigo imelala chini na wapagazi wamekaa. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya upagazi Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi posho ilivyokuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya watu hao wagome.

Tazama walichokuwa nacho. Posho ililipwa mapema. Ililipwa kwa kitu ambacho muuzaji wa mahali pale alikikubali. Ilipanda na kushuka kufuata bei ya mahali. Hakuna aliyemwomba mpagazi risiti ya mtama. Nimesoma miongozo ya kisasa ya kurasa nyingi isiyofika hapo.

Katanga iliona pia hesabu hiyo ikishindwa. Msafara wa William Stairs, ambao watu wake wengi walikusanywa Zanzibar mwaka 1891, ulifika Bunkeya, mji mkuu wa Mfalme Msiri, Desemba mwaka huo, katika bonde hilohilo la Lufira. Msiri alipouawa tarehe 20 Desemba, wenyeji walitawanyika, mashamba yakabaki bila watu, na kitambaa hakikununua chochote kwa sababu hapakuwa na muuzaji. Januari 1892 wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Siku hizi hali haifiki huko, lakini katika miezi ya mvua, kabla mahindi mapya hayajakomaa, mtu anaweza kufika kijijini akiwa na faranga mfukoni na asipate sahani ya kununua. Kwa safari za miezi hiyo mimi hushauri ofisi ipakie unga, samaki wakavu, mafuta ya kupikia na chumvi ndani ya gari, ilipe mpishi wa hukohuko, na ipunguze posho kwa kiasi hicho. Wafanyakazi hunung'unika kwa sababu chakula cha gari hakibaki kikawa fedha. Lakini hawalali njaa.

Kuna kumbukumbu nyingine inayokaa chini ya ugomvi huu hapa kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lukafu ilikuwa makao ya Comité Spécial du Katanga, kamati iliyotawala Katanga, iliyoundwa mwaka 1900, kabla ya Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kuanzishwa mwaka 1910. Vituo vya utawala vya zama zile vililishwa na vijiji vilivyovizunguka, mara nyingi kwa amri. Kisha ikaja kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ikawapa wafanyakazi wake mgao wa chakula, na Gécamines iliyoirithi ikaendelea kugawa unga wa mahindi. Mtu aliyekulia katika kambi ya wachimbaji, Lubumbashi au Likasi, amekua akijua kwamba aliyemwajiri baba ndiye aliyejaza ghala la nyumbani. Ukimwambia leo kwamba mlo wa safarini ni "fidia ya tofauti", atakusikiliza kwa adabu na hatakuamini. Kwake chakula ni sehemu ya kazi. Wakurugenzi wanaotoka nje huwa hawalijui hili, na huliita tamaa.

Tuje kwenye utaratibu wenyewe. Kuna njia mbili za kulipa: kurudisha kile kilichotumika kwa kuangalia risiti, au kutoa kiwango kimoja kilichopangwa. Ya kwanza inafaa mahali penye hoteli na migahawa iliyosajiliwa. Nje ya hapo inazaa biashara ya vitabu vya risiti, ambavyo yeyote anaweza kuvinunua dukani vikiwa vitupu, na mihuri inayochongwa kando ya barabara. Mkaguzi hukuta risiti kumi za mkahawa mmoja zenye namba zinazofuatana, wakati tarehe zake zimeachana kwa miezi mitatu. Kiwango kilichopangwa kinaondoa kishawishi hicho kwa pigo moja. Msafiri hahitaji kuthibitisha alichokula. Anahitaji kuthibitisha kwamba alikwenda: hati ya kutumwa iliyosainiwa na kituo alikofika, saa ya kuondoka na saa ya kurudi, na ripoti ya kazi. Saini ya muuguzi mkuu wa kituo cha afya ni ngumu kuighushi kuliko risiti ya wali na maharage.

Wengine duniani wameshapita njia hii. Ujerumani inaruhusu mwajiri alipe bila kodi euro 28 kwa siku kamili ya saa 24 ndani ya nchi, na euro 14 kwa siku ya kuondoka, ya kurudi, au kwa safari ya siku moja inayozidi saa 8. Uingereza inahesabu kwa saa: pauni 5 kwa safari ya saa 5 au zaidi, 10 kwa saa 10, na 25 kwa saa 15 ikiwa msafiri bado yuko njiani saa 2 usiku. Serikali ya Marekani huwalipa watumishi wake asilimia 75 tu ya kiwango cha chakula katika siku ya kwanza na ya mwisho ya safari. Tarakimu hizo hazina maana kwetu, bei zao si zetu. Cha kuiga ni wazo lililo nyuma yake, kwamba siku ya safari si siku nzima mpaka iwe nzima kweli.

Na chakula kilichotolewa hakilipwi mara ya pili. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu karibu kila semina ina chai ya saa nne na chakula cha mchana, na karibu kila mshiriki ana posho kamili mfukoni. Wajerumani hukata asilimia 20 ya kiwango cha siku kamili kwa kifungua kinywa kilichotolewa, na asilimia 40 kwa kila mlo mkubwa. Umoja wa Mataifa una mgawanyo wake katika posho ya siku: nusu ni malazi, asilimia 6 kifungua kinywa, asilimia 12 chakula cha mchana, asilimia 12 cha usiku, na asilimia 20 iliyobaki ni matumizi madogomadogo. Kinachotolewa na mwenyeji kinaondolewa kwa asilimia yake. Mtu aliyelazwa na kulishwa kila kitu anabaki na ile 20.

Kwa safari kama ya Lukafu mimi napendelea kuhesabu milo kuliko siku. Tuseme ofisi imepanga faranga 30,000 kwa siku yenye milo mitatu, yaani 6,000 asubuhi, 12,000 mchana na 12,000 usiku. Hizi ni tarakimu za mfano, kila ofisi iweke zake. Msimamizi anaondoka Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo hata chai ya asubuhi atainywa njiani: milo mitatu, 30,000. Jumanne kuna mkutano na kituo kinatoa chakula cha mchana kilichonunuliwa kwa bajeti ya mradi: 30,000 ukitoa 12,000, zinabaki 18,000. Jumatano anakunywa chai, anakula mchana njiani, na jioni yuko kwake: 18,000. Jumla ni 66,000. Ofisi inayolipa "siku tatu" bila kufikiri ingetoa 90,000. Ofisi inayolipa "usiku mbili", kama baadhi zinavyofanya, ingetoa 60,000 na kumwacha mtu alipe sehemu ya safari kutoka mfukoni. Hesabu ya milo haimpendelei yeyote, na karani yeyote anaweza kuifanya kwenye kipande cha karatasi.

Kiwango chenyewe kinapatikanaje? Kwa kwenda sokoni. Sijui njia nyingine. Mtume mtu asiyehusika na safari, aulize bei ya sahani moja kwenye malewa, yaani vibanda vya chakula, mbili tatu za njiani, na bei ya kumlipa mama wa Lukafu apikie watu wanne, kisha aulize tena baada ya miezi sita. Viwango vilivyopangwa na mfadhili wa Brussels au Geneva mara nyingi huwa juu sana kwa kijiji na chini sana kwa mji. Katikati ya Lubumbashi, ambako wageni wa migodi wamepandisha bei za mikahawa, posho hiyohiyo huisha kabla ya jioni. Kwa hiyo viwango viwe angalau viwili, cha mjini na cha vijijini, na visilazimike kufuatana.

Je, vitofautiane kwa cheo? Karibu kila serikali ya kanda yetu inafanya hivyo. Julai 2022 Tanzania ilipandisha posho ya kujikimu kwa safari za ndani: kiwango cha juu kilitoka shilingi 120,000 hadi 250,000, cha chini kikatoka 80,000 hadi 100,000. Posho hiyo inabeba malazi pia, na mtu anaweza kutetea kwamba mkurugenzi alale hoteli bora kuliko karani. Lakini angalia kilichotokea. Kabla ya hapo mkubwa alipata mara moja na nusu ya mdogo. Baada ya hapo anapata mara mbili na nusu. Katika chakula utetezi huo hauna miguu. Daktari mkuu, muuguzi na dereva waliokaa kwenye benchi moja wanakula bukari uliotoka sufuria moja kwa bei moja. Kama ofisi inataka kuheshimu cheo, ikiheshimu kwenye mshahara. Posho ya mlo iwe sawa kwa wote walio kwenye gari.

Nimetaja dereva. Katika orodha nyingi za malipo nilizozipitia, dereva ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote, au halipwi kabisa kwa hoja kwamba kusafiri ndiyo kazi yake. Hoja hiyo inachekesha. Jiko lake limebaki Lubumbashi kama la wenzake, na yeye ndiye mtu pekee katika safari ambaye njaa yake inaweza kuwaua wengine.

Jambo lingine halimo katika mwongozo wowote niliouona, nalo Lukafu linatokea kila wakati: ukarimu. Mgeni wa serikali au wa shirika anafika, chifu au kamati ya kijiji inachinja kuku, bukari unaletwa na maji ya kunawa. Kukataa ni tusi. Mgeni anakula, anashukuru, na posho yake inarudi mjini haijaguswa. Ukifanya hesabu kwa ukatili, kijiji maskini kimemlipia mshahara mtu mwenye mshahara. Baada ya historia ya vituo vilivyolishwa na vijiji kwa amri, sisi wa Katanga tungepaswa kuwa wa mwisho kuliona hilo kuwa la kawaida. Sisemi mgeni aweke faranga juu ya meza mbele ya mwenye nyumba, hiyo nayo ni fedheha. Wenye busara hufika na zawadi: sukari, sabuni, chumvi, mafuta, wakamkabidhi mama wa nyumba kabla ya kukaa. Ofisi yenye akili huweka fungu dogo la zawadi hiyo katika bajeti ya safari, kwa jina lake halisi, ili mtu asilazimike kuliita "mchele kilo tano" kwenye karatasi.

Pombe, tuipite haraka. Chupa ya Simba baada ya kazi ni haki ya mtu mzima na haimhusu mhasibu, ilimradi inatoka katika kiwango kilekile na haionekani kama mstari wa pekee. Mahali pa kurudishiwa fedha kwa risiti, pombe isilipwe.

Vipi kuhusu yule anayejibana? Anakula chikwanga na karanga siku tatu, anarudi na posho karibu yote, analipa ada ya mtoto. Wakaguzi wengine humwona mwizi. Si mwizi. Kiwango kilichopangwa ni makubaliano: ofisi imekubali kutochungulia sahani yake, na yeye amekubali kutodai zaidi bei ikimzidi. Alichobakiza ni chake. Ila akianza kuzimia kazini, au ripoti ikionyesha alikaa kivulini akihifadhi nguvu, hilo ni suala la kazi na lishughulikiwe kama suala la kazi.

Hatari iko pengine. Mwaka 2012 shirika la misaada la Norway, Norad, lilitoa ripoti kuhusu posho za safari Ethiopia, Malawi na Tanzania, ikieleza jinsi posho zinavyogeuka nyongeza ya mshahara na kuvuta watu kwenye warsha na safari badala ya kazi iliyoko ofisini. Yeyote aliyefanya kazi Kongo anatambua picha hiyo. Katika sekta ya afya wako wauguzi wengi ambao hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali na wanaishi kwa marupurupu na ada za wagonjwa. Kwa mtu kama huyo safari ya siku tatu kwenda Lukafu si safari, ni mshahara wake wa mwezi huo. Atairefusha ikiwezekana. Atagombana na mwenzake kuhusu zamu. Ukimpangia kiwango cha haki cha mlo, utakuwa umeshusha kipato cha familia yake, na hakuna jedwali la asilimia litakalomfanya aone haki ndani yake. Wanaotaka posho za safari zirudi kuwa gharama za safari hawana budi kwanza kuwalipa watu mishahara yao, kwa tarehe.

Limebaki jambo la fedha yenyewe. Ofisi nyingi za Lubumbashi hulipa safari kwa dola, mara nyingine noti moja ya 50 au 100. Noti hiyo ikiwa na mchaniko mdogo ukingoni, hata mjini wanaikataa. Ikiwa nzima, mama wa Lukafu hana chenji yake, na hana sababu ya kuwa nayo. Msafiri anaishia kukopa kwa dereva au kubadilisha njiani kwa bei mbaya, na hasara hiyo hairudishwi na mtu. Malipo ya simu yamesaidia sana kwenye kampeni za chanjo, lakini yanahitaji mtandao na wakala mwenye fedha taslimu, na vyote viwili havipatikani kila mahali unapofika.

Ombi langu kwa wakuu wa ofisi wanaosaini hati za safari ni hili. Lipeni posho ya chakula siku moja kabla, kwa faranga, katika noti ndogo za 500 na 1,000, kiasi kilekile kwa kila aliye kwenye gari akiwemo dereva, mkihesabu milo na kuondoa ile itakayotolewa. Kisha acheni kuuliza risiti ya bukari.